Usimuogope mzee wa miaka 37, mwangalie wa miaka 29

Kila mwezi wa tatu, siku ya mwisho ya tredi (timu kubadilishana wachezaji) za NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, ikikaribia, mabishano huwa yale yale. Timu fulani imezeeka, mastaa wake wana miaka 36, 37, na watu wanapiga kelele wauzwe wote tuanze upya. Mi nafuatilia hoki ya barafu kwa moyo wote, na Pittsburgh Penguins ndo timu yangu, kwahiyo hii mada inanigusa kabisa na nina msimamo ambao leo nataka niueleze vizuri. Wazee sio tatizo la timu iliyozeeka. Tatizo ni yule mchezaji mzuri wa miaka 28, 29 hivi, yuko kwenye kilele chake, anafunga, mashabiki wanampenda, na mkataba wake unakaribia kuisha. Utakachomfanyia huyo ndo kinaamua kama timu itateseka miaka miwili au miaka kumi.

Kwa wale ambao hawaifuatilii sana ligi hii nieleze kidogo inavyofanya kazi, maana bila hapo mengine hayaeleweki. NHL ina timu 32 na kila timu ina kikomo cha mishahara, wenyewe wanaita kepu, kililetwa 2005 baada ya msimu mzima wa 2004-05 kufutwa kwa mgogoro wa wamiliki na wachezaji. Kilianza dola milioni 39, msimu wa 2024-25 kilikuwa milioni 88 na 2025-26 kikapanda mpaka milioni 95.5. Mmiliki awe tajiri vipi hawezi kumwaga hela akavuka hapo. Alafu kuna drafti, kila mwaka timu zinachagua vijana wa miaka 18 kwa raundi 7, na timu dhaifu zinatangulia kuchagua. Kijana akisaini mkataba wake wa kwanza kwa kawaida ni miaka mitatu na ni wa bei rahisi, na kwa ujumla timu inamshikilia mpaka afike kama miaka 27 au amalize misimu saba, baada ya hapo ni huru kwenda anapotaka.

Sasa ona hesabu inavyokaa. Mchezaji anakuwa rahisi akiwa kijana, kipindi ambacho miguu ina kasi, na anakuwa ghali kuanzia 27, pale anapokuwa amefika juu na kinachofuata ni kushuka. Kwa sheria zilizotumika kuanzia 2013 timu yako mwenyewe iliruhusiwa kukupa mpaka miaka 8, timu nyingine 7. Kwahiyo ukimsainisha mtu wa miaka 29 kwa miaka 8 umenunua mpaka 37, na bei umelipa ya 29. Umemlipa kwa aliyokwisha kufanya, na mengi ya hayo huenda aliyafanya akiwa na miaka 25.

Mfano ambao mi huwa nautumia sana ni Jonathan Huberdeau. Msimu wa 2021-22 akiwa Florida Panthers alipata pointi 115 (magoli na pasi za magoli ukijumlisha), yani alikuwa kati ya wapishi wa magoli bora kabisa duniani. Kiangazi cha 2022 Calgary Flames walikuwa kwenye wakati mgumu sababu Matthew Tkachuk hakutaka kusaini kwa muda mrefu, wakambadilisha na Huberdeau pamoja na beki MacKenzie Weegar, kijana mmoja na chaguo la raundi ya kwanza, yani zamu ya Florida ya kuchagua kwenye drafti. Mpaka hapo hakuna wa kuwalaumu, walibanwa na wakapata vitu vya maana. Ila mwezi wa nane wakampa Huberdeau miaka 8, dola milioni 84, akiwa na miaka 29. Msimu wake wa kwanza Calgary pointi 55, uliofuata 52. Tkachuk alikuwa na miaka 24, na Florida wakabeba Kombe la Stanley, ndo ubingwa wa ligi, 2024 wakarudia 2025. Sisemi Huberdeau ni mchezaji mbaya hata kidogo, wala sisemi ni mvivu, naongelea umri na bei, na naongelea viongozi ambao wangeweza kukaa na yale waliyopata wakajenga polepole lakini waliogopa kuonekana wanarudi nyuma.

San Jose Sharks nao hivo hivo. Ile timu ilikuwa inaingia mtoano karibu kila mwaka, ikafika fainali 2016, ikakosa kombe, na wazee kina Joe Thornton wakawa wanaelekea mwisho. 2018 wakatoa mzigo mkubwa kwa Ottawa kumpata beki Erik Karlsson, ndani yake vijana akiwemo Josh Norris na chaguo la raundi ya kwanza la baadae. Msimu huo wakafika nusu fainali, fresh, alafu kiangazi cha 2019 wakampa Karlsson miaka 8 kwa milioni 11.5 kila mwaka. Alikuwa na miaka mingapi? 29. Msimu uliofuata timu ikaporomoka mpaka chini, na lile chaguo walilowapa Ottawa likageuka kuwa la 3 kwenye drafti ya 2020, Ottawa wakamchukua Tim Stützle. Yani Sharks walikuwa wabaya kiasi cha kustahili kijana wa kiwango kile alafu kijana akaenda kwa wengine. Mi naona hiyo ndo adhabu kubwa kuliko zote kwa timu inayozeeka, kufungwa mwaka mzima na huna hata chaguo lako mwenyewe la kukufariji.

Baadae Mike Grier akaja kuwa meneja mkuu 2022 na akaanza kuuza. Beki Brent Burns akaenda Carolina, Timo Meier akaenda New Jersey mwezi wa pili 2023, na Karlsson mwenyewe akamsubiria apate msimu wa maajabu, 2022-23 alipata pointi 101 na kuchukua tuzo ya beki bora, hapo hapo wakamuuza akiwa na miaka 33. Wakamuuza wapi? Kwetu, Pittsburgh. Inaniuma lakini nitarudi hapo. Sharks wakawa wa mwisho, wakashinda bahati nasibu ya 2024 (kura ya timu dhaifu kuamua nani aanze kuchagua) na kumchagua Macklin Celebrini namba 1, mwaka uliofuata Michael Misa namba 2, na Will Smith walishamchukua namba 4 mwaka 2023. Wamesimama tena lakini angalia gharama, miaka ya giza ambayo mashabiki wao walikaa kwenye uwanja uliojaa viti vitupu.

Sasa waliofanya tofauti. 2018 Montreal Canadiens walikuwa na nahodha Max Pacioretty, mfungaji wa kuaminika, miaka 29, umebaki mwaka mmoja kwenye mkataba. Wakamuuza Vegas wakapata Tomas Tatar, chaguo la raundi ya pili na kijana ambaye alikuwa hajacheza hata mechi moja ya NHL, Nick Suzuki. Leo nahodha wa Montreal ni nani? Suzuki, tangu 2022. Walitoa nahodha mmoja wakapata anayefuata, tena mdogo kwa zaidi ya miaka kumi. Mi nikiulizwa tredi gani inafundisha hii kazi kuliko zote nataja hiyo, sababu wakati ule watu wengi walimuona Pacioretty kama kipande kikubwa na Suzuki kama nyongeza.

Los Angeles Kings ndo mfano wangu wa pili na naupenda zaidi kwa vile waliwabakiza wazee wao. Walibeba kombe 2012 na 2014 na Anze Kopitar, Drew Doughty na kipa Jonathan Quick, alafu wakachoka kabisa. Januari 2019 wakamtoa beki Jake Muzzin kwenda Toronto, miaka 29 huyo pia, wakapata chaguo la raundi ya kwanza na vijana wawili, Carl Grundstrom na Sean Durzi. Kiukweli hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa staa mkubwa. Lakini Muzzin alipewa mkataba wa miaka minne na Toronto, na jeraha la shingo likamaliza uchezaji wake mwaka 2022. Kings hawakuwa na huo mzigo, wakati huo huo wakawa wanakusanya chaguzi, Quinton Byfield namba 2 mwaka 2020, Brandt Clarke namba 8 mwaka 2021, na Kopitar na Doughty wakabaki palepale wakiwafundisha vijana jinsi ya kufanya kazi. 2022 wakarudi mtoano. Najua mtu atasema walitolewa na Edmonton raundi ya kwanza miaka minne mfululizo, 2022 mpaka 2025, ni kweli na inasikitisha, ila kutoka shimoni kwa miaka mitatu bila kuuza roho ya timu sio kitu kidogo.

Na hapa kuna mnyororo mmoja mzuri sana. Kiangazi cha 2022 Kings walimpata winga Kevin Fiala, miaka 25, ametoka kupata pointi 85 na Minnesota Wild. Kwanini Minnesota wamwachie mtu kama huyo? Sababu mwaka 2012, siku moja, waliwasainisha Zach Parise na Ryan Suter miaka 13 kila mmoja, dola milioni 98 kila mmoja, wote walikuwa na miaka 27. Mwaka 2021 wakaivunja ile mikataba, na sheria inasema ukivunja mkataba hela inaendelea kuhesabiwa kwenye kepu kwa miaka mingi, ikafika misimu miwili, 2023-24 na 2024-25, ambayo karibu dola milioni 14.7 kila msimu zilikuwa zinaliwa na watu wawili ambao hawako kwenye timu. Kwahiyo hela ya kumlipa Fiala haikuwepo. Lakini Minnesota walichofanya ni kukubali ukweli mapema, hawakusubiri, wakachukua chaguo la raundi ya kwanza na beki kijana Brock Faber aliyedraftiwa namba 45 tu na Kings, na Faber akaja kuwa mhimili wa ulinzi wao. Ukiwa umebanwa na ukauza kijana mwenye thamani kwa kijana mwingine mwenye thamani unaweza kupumua.

Detroit Red Wings wao sijui hata nianzie wapi, sababu ile timu naiheshimu mno. Miaka 25 mfululizo ya mtoano, 1991 mpaka 2016, makombe manne ndani yake. Na siri yao kubwa ilikuwa drafti za mwishoni. Nicklas Lidström walimchukua namba 53 mwaka 1989, Sergei Fedorov namba 74 mwaka huo huo, Pavel Datsyuk namba 171 mwaka 1998, Henrik Zetterberg namba 210 mwaka 1999. Namba 210! Skauti (mtafuta vipaji) wao wa Ulaya, Håkan Andersson, alikuwa anaenda kuangalia vijana Uswidi na Urusi ambako wenzake hawakujisumbua kufika. Kwa hiyo nahodha wao Steve Yzerman na Fedorov walipozeeka, Datsyuk na Zetterberg walishaiva. Hakukuwa na haja ya kubomoa chochote, kizazi kilikuwa kinapokezana chenyewe.

Alafu wenzao wakajifunza. Timu zote zikapeleka maskauti Ulaya, faida ya Detroit ikayeyuka, na wao wakaendelea kuishi kama bado wanayo. 2015 wakampa Justin Abdelkader miaka 7, alikuwa na miaka 28 na ametoka kufunga magoli 23, msimu bora wa maisha yake. 2016 Datsyuk akaamua kurudi Urusi huku mkataba wake bado una mwaka, na kwa vile mkataba huo ulianza akiwa ameshafikisha miaka 35 zile milioni 7.5 zingebaki kwenye kepu hata akiondoka. Detroit wakawapa Arizona ule mkataba, na ili wakubali kuubeba wakashuka kwenye drafti kutoka namba 16 mpaka 20. Arizona kwa ile 16 wakamchukua beki Jakob Chychrun. Na nafasi iliyopatikana kwenye kepu ikaenda wapi? Mwezi uliofuata wakamsainisha Frans Nielsen, miaka 32, kwa miaka 6. Ile mikataba miwili, wa Abdelkader na wa Nielsen, yote ilikuja kuvunjwa kwa kulipiwa. Kutoka 2017 mpaka 2025 Detroit hawajaingia mtoano hata mara moja.

Na usifikirie kuwa mbaya kunakupa zawadi moja kwa moja. Steve Yzerman alirudi kama meneja 2019, msimu wa 2019-20 Detroit wakashinda mechi 17 tu, wa mwisho kwenye ligi tena kwa mbali, na kwenye bahati nasibu wakashuka mpaka namba 4. Namba 1 wakapata New York Rangers. Detroit wakamchagua Lucas Raymond ambaye amekuwa mchezaji mzuri kweli, kwahiyo kazi ya skauti iliokoa, ila uone jinsi mpango wa "tufungwe tupate namba 1" ulivyo dhaifu. Siku hizi timu iliyoshika mkia ina asilimia 25.5 tu ya kupata chaguo la kwanza. Robo! Robo tatu ya uwezekano ni kwamba umevumilia mwaka mzima wa vipigo na namba 1 haupati.

Buffalo Sabres wanajua. Msimu wa 2014-15 walibomoa kila kitu wakimlenga Connor McDavid, wakawa wa mwisho, Edmonton wakashinda bahati nasibu. Buffalo wakamchukua Jack Eichel namba 2, kipaji kikubwa, lakini timu iliyomzunguka ilizoea kufungwa mpaka ikawa ndo tabia. Akaondoka 2021, akabeba kombe na Vegas 2023. Buffalo walikaa misimu 14 mfululizo bila mtoano mpaka 2025, na katikati hapo walichagua namba 1 mara mbili, Rasmus Dahlin na Owen Power. Ukiondoa wazee wote wanaojua kushinda, kijana wa miaka 18 atajifunza kwa nani? Ndo maana mi huwa nakasirika nikisikia "uza wote". Ukibomoa nyumba mpaka msingi unalala nje mpaka ujenzi uishe, na kuna ambao ujenzi wao hauishi.

Chicago Blackhawks walibomoa hivo. Makombe matatu, 2010, 2013, 2015, alafu mikataba mirefu ikawabana, Jonathan Toews na Patrick Kane milioni 10.5 kila mmoja kwa mwaka, Brent Seabrook miaka 8 aliyosainishwa akiwa na 30. Kyle Davidson alipopewa umeneja 2022 akauza mpaka Alex DeBrincat. Huyo alikuwa na miaka 24, magoli 41 msimu huo, na kwa mtazamo wangu ile haikuwa sawa. Wa 24 ndo unajenga naye. Wakapata Connor Bedard kwa bahati nasibu ya 2023 na nafurahi kwa ajili yao, Bedard ni wa kipekee, lakini fikiria Bedard angekuta DeBrincat anamsubiri pembeni anapiga mashuti yake.

Boston nao wana funzo la upande wa pili, kwamba tredi nzuri bila jicho zuri la drafti haifiki popote. 2015 walimuuza Dougie Hamilton Calgary na Milan Lucic Los Angeles, wakajikuta na chaguzi tatu zilizofuatana, namba 13, 14 na 15. Tatu mfululizo, kitu ambacho timu inaweza kusubiri miongo isikipate. Wakachukua Jakub Zboril, Jake DeBrusk na Zach Senyshyn. Waliofuata, namba 16 Mathew Barzal, 17 Kyle Connor, 18 Thomas Chabot. DeBrusk aliwasaidia miaka mingi, wale wengine wawili hapana. Upande wa biashara walifanya kila kitu sawa na bado kizazi kizima kikawapita mezani.

Dallas kwa mfano, wao jicho lilikuwepo. Februari 2017 walikuwa na winga Patrick Eaves, miaka 32, anafunga kama hajawahi kufunga, mkataba unaisha. Wakampeleka Anaheim kwa chaguo la raundi ya pili lenye sharti, Anaheim wakifika nusu fainali na Eaves akacheza vya kutosha linapanda kuwa la kwanza. Wakafika. Dallas wakalitumia kupanda mpaka namba 26 na kumchukua kipa Jake Oettinger. Drafti hiyo hiyo Miro Heiskanen namba 3 na Jason Robertson namba 39. Nahodha wao Jamie Benn, ambaye walimpata namba 129 mwaka 2007, hakuguswa, walimuacha azeeke nao huku vijana wanachukua dakika zake taratibu. Nusu fainali 2023, 2024, 2025. Hakuna aliyebomoa kitu pale.

Na Washington Capitals, mahasimu wetu, nawasifu kwa shingo upande lakini nawasifu. Februari 2023 wakaona mwaka umeharibika, wakamuuza Dmitry Orlov, miaka 31, kwa Boston ambao walikuwa wanatafuta kombe, wakapata chaguo la raundi ya kwanza, na hawakulikalia, ndani ya siku chache wakalipeleka Toronto kumpata beki Rasmus Sandin wa miaka 22. Boston walishinda mechi 65 msimu ule, rekodi, wakatolewa raundi ya kwanza na Orlov akaondoka kiangazi. Alafu 2024 Washington wakaenda sokoni kutafuta wachezaji wa miaka 25 mpaka 27 ambao timu zao zimewachoka, Pierre-Luc Dubois, kipa Logan Thompson kwa chaguzi mbili tu za raundi ya tatu, na Jakob Chychrun, ndiyo, yule yule wa namba 16 ya Detroit. Wakamaliza wa kwanza kanda ya mashariki na pointi 111, na Alex Ovechkin akiwa na miaka 39 akafunga magoli 44 na tarehe 6 Aprili 2025 akavunja rekodi ya Wayne Gretzky kwa goli la 895. Mzee alikuwa anazuia nini hapo? Alikuwa ndo sababu watu wanajaa uwanjani na vijana wanataka kusaini.

Nashville mwaka huo huo wa 2024 waliingia sokoni pia, ila wao wakawachukua Steven Stamkos mwenye miaka 34 na Jonathan Marchessault wa 33 kwa mikataba mirefu, na wakamaliza na pointi 68. Soko lilikuwa moja na kiangazi kilikuwa kimoja.

Haya, sasa kwetu. Sidney Crosby, Evgeni Malkin na Kris Letang wameshinda pamoja makombe matatu, 2009, 2016, 2017, na timu iliingia mtoano misimu 16 mfululizo mpaka ikakatika 2023. Miaka ya utukufu tulitoa chaguzi zetu za raundi ya kwanza karibu kila mwaka kutafuta kombe lingine na mi sijutii hata moja, ukiwa na Crosby unatafuta kombe. Ila 2023 Kyle Dubas alipoingia kama meneja na jambo la kwanza kubwa likawa Karlsson wa miaka 33, mi moyo ulikataa. Chaguo letu la raundi ya kwanza la 2024 likaenda San Jose, wakalitumia kupanda na kumchukua beki Sam Dickinson.

Baada ya hapo Dubas akabadilika na namshukuru. Machi 2024 akamuuza Jake Guentzel kwenda Carolina. Miaka 29. Niliumia sana, Guentzel alikuwa mshirika wa Crosby kwa miaka, alikuwa shujaa wa 2017, na bado nasema ilikuwa lazima, mkataba ulikuwa unaisha na anayefuata angemlipa mpaka uzeeni. Tukapata Michael Bunting, chaguzi, na vijana akiwemo Ville Koivunen wa Ufini. Alafu kuna mbinu ambayo mashabiki wengi hawaioni, akaanza kupokea mikataba ambayo timu nyingine zinaikimbia, mradi waje na chaguo juu yake, kama Kevin Hayes aliyekuja kutoka St. Louis na chaguo la raundi ya pili bila sisi kutoa mchezaji. Nafasi ya kepu ambayo hauwezi kushinda nayo leo unaigeuza kuwa kijana wa kesho. Hiyo ni akili.

2025 tukachagua Ben Kindel namba 11, na msimu ulipoanza alikuwa kwenye timu kubwa akiwa na miaka 18. Crosby alisaini mwaka 2024 miaka miwili zaidi kwa milioni 8.7, chini kabisa ya thamani yake, mtu ambaye angeweza kudai chochote. Halafu mtu aniambie huyo auzwe? Kwa chaguo gani? Hakuna chaguo la drafti litakalomfundisha Kindel anachokiona akikaa kwenye benchi moja na Crosby akimwangalia anavyobaki barafuni peke yake baada ya mazoezi.

Ninachokidai mimi ni kingine. Kiangazi cha 2025 Rickard Rakell alikuwa ametoka kufunga magoli 35, juu kuliko msimu wowote wa maisha yake, ana miaka 32, na Bryan Rust magoli 31, ana miaka 33, wote wana mikataba ya bei nzuri ambayo timu inayotafuta kombe ingeipigania. Hapo ndo ilikuwa saa ya kuuza angalau mmoja, sio wawili, mmoja, na mi ningemuuza Rakell. Winga wa magoli 35 sokoni ni chaguo la kwanza pamoja na kijana mmoja wa maana, na tungebaki na Rust ambaye amelelewa hapa hapa. Msimu ukaanza wote wakiwa bado wetu. Kama kuna mdau wa Pittsburgh anaona tofauti na hapo aniandikie, nataka sana kusikia angemwachia nani na angeomba nini.